Mbwa Aliyemtangulia Bwana Thirkettle

Enoch Tuffley, mtunza mbwa wa kuwinda mbweha, alikuwa na mke, watoto sita na mbwa themanini, na majina ambayo hakuwahi kuyakosea yalikuwa ya mbwa. Kwa miaka thelathini, hapa kwetu Leicestershire, Uingereza, aliwapikia uji wa shayiri na nyama ya farasi mzee, akanuka hivyo hivyo hadi kanisani, ambako benchi lake halikuwahi kugombewa.

Kipenzi chake alikuwa Bellmaid, jike wa miaka tisa, magoti yamekwisha. Kwetu mbwa wa kuwinda akishindwa kwenda na wenzake hupigwa risasi. Zamu yake ilikuwa Jumatatu.

Ijumaa Enoch aliitwa sebuleni kwa Bwana Thirkettle, mwenye mbwa, akamtajie mchoraji Jabez Pockett madoa ya kila mbwa. Picha ya uwindaji ilikaribia kukamilika. Farasi walinyoosha miguu yote minne kama vyura waliokanyagwa, na mbele ya wote, mbele hata ya mbwa, alipaa Bwana Thirkettle, na kiuno ambacho fundi wake wa nguo hajawahi kukiona.

Enoch akajishika kichwa. "We Jabez, umetumaliza! Umempitisha bwana mbele ya mbwa!"

"Si alisema nimweke mbele?"

"Mbele ya watu, ndugu yangu! Anayewapita mbwa windoni hapa hapewi hata salamu. Kesho majirani wanakuja kuitazama. Watamcheka, naye atakutupa nje na brashi zako."

Jabez, ambaye maishani alipanda punda mmoja tu, tena kwa muda mfupi, alipauka. "Nafasi iliyobaki ni ya mbwa mmoja."

"Mmoja anatosha," alisema Enoch, keshafika mlangoni. "Usitoke. Namleta."

Kesho yake majirani waliikodolea macho picha. "Nani huyo anayeongoza?" aliuliza mmoja, kwa wivu.

Bwana Thirkettle akainama, akamtambua, akavimba kifua. "Bellmaid! Hajapitwa na mtu huyo. Hata mimi simpiti!"

"Kweli kabisa, bwana," alisema Enoch, aliyekuja kupewa bia ya shukrani. "Na Jumatatu tunampiga risasi."

Wake wa majirani wote wakamgeukia mwenyeji wao kana kwamba kala mtoto.

"Nani kasema?" alifoka bwana. "Tuffley, una wazimu?"

"Nisamehe, bwana. Uzee."

Bellmaid aliishi miaka minne zaidi chini ya meza ya akina Tuffley, akipakuliwa kabla ya watoto.