Mechi ya Wamaza na Chakula cha Wajomba

Watu wa rika langu wakikumbuka ekipe yetu, timu ya mpira ya shule ya walimu pale misioni ya Kasongo, miaka ile ya Wabelgiji, husema haikuwa na msimamo. Leo inashinda, kesho inafungwa na wachunga mbuzi. Basi waseme. Mimi nilikuwa msichana wa kwa masista, kaka yangu ndiye aliyekuwa kapiteni, na sikukosa mechi yoyote niliyoweza kuifikia. Nawaambia hawajui wanalosema.

Nyumbani Kasongo tulikuwa moto. Makarani wa kampuni ya pamba walikuja na viatu na soksi ndefu, vijana wetu wakawafunga mabao matano pekupeku, nami nikapiga vigelegele mpaka sista akanifinya sikio. Lakini tukienda ugenini, Lusangi au kule Kabambare, miguu ilikuwa mizito, mpira unapita mbele yao wanautazama tu. Padri mkuu wa shule alikuwa na maelezo yake: watu weusi hawana moyo wa kudumu. Aliyasema kwenye mahubiri, mbele ya wazazi wetu. Nilimchukia siku ile, na sijajuta.

Sababu yenyewe kila mama aliijua. Watu wa Kasongo na wa Kabambare wameoana tangu zamani, kwa hiyo kila tulikokwenda palikuwa na mjomba wa mchezaji fulani. Na mpwa akifika kwa mjomba hapiti bila kula. Kukataa chakula cha mjomba ni kumwambia kwamba damu yake si kitu kwako. Basi kamio, lori ya misioni, ikisimama tu, vijana wanavutwa nyumbani kwa watu: bugali ya muhogo, sombe ya majani yake, kuku, na wakimaliza kwa mjomba huyu wanaitwa kwa yule. Ndipo wanaingia uwanjani. Kaka yangu alimweleza Padri. Padri alicheka, akasema hicho ni kisingizio cha wavivu.

Mechi ya mwisho ilikuwa ugenini tena, Wamaza. Safari hii Padri alisema wazi: msiposhinda, timu imekwisha, mpira naufungia kabatini. Na mtu asiguse chakula kabla ya mechi. Wiki ile kaka yangu alikonda. Mpira ndio uliokuwa ukimfanya aivumilie shule ile na viboko vyake.

Tulipofika, Padri aliwapanga mstari kando ya kamio, yeye akakaa mbele kwa dereva akila mkate wake. Mke wa mjomba wetu akatokea na chungu kichwani, wanawake wengine nyuma yake.

"Mutoto wangu, utacheza na njaa hapa kwetu?" alimwuliza kaka. "Mujomba yako iko anangoja. Watu watasema nini?"

Kaka alimtazama Padri, akamtazama mke wa mjomba. Kisha akatoka kwenye mstari, akanawa mikono. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha.

"Aksanti, mama. Lakini hatutakula peke yetu," alisema, akiwaonyesha wachezaji wa Wamaza waliokuwa wakijinyoosha uwanjani. "Wale wandugu nao waje."

Mgeni akiomba mwenzake wa kula, nani atamkatalia? Timu zote mbili zikakaa kwenye mikeka ileile, zikala mpaka vyungu vikabaki vitupu. Padri alipuliza filimbi hadi uso ukawa mwekundu, na hakuna aliyeinuka kabla ya kunawa.

Ilikuwa mechi ya polepole kuliko zote nilizoona. Wote wameshiba, wote wanapumua kwa shida, na kwa mara ya kwanza ugenini tulikuwa sawasawa na wenyeji. Tukafunga sisi. Wakasawazisha karibu na mwisho. Ikawa sare, na Padri alikuwa ametaka ushindi.

Aliingia uwanjani kabla jasho halijawakauka. Akatangaza kwamba timu imekwisha, akanyoosha mkono apewe mpira. Kaka yangu aliuokota, akaufuta vumbi kwa kaptura yake, akampa kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kumpa mkubwa.

"Kamata, Padri," alisema. "Mupira iko yako. Ekipe iko yetu."