Hitilafu ya Upande wa Pili

Mzee Koleo alistaafu kazi ya kuunga nyaya za simu, lakini koleo lenyewe halikustaafu. Lilibaki mfukoni likimtoboa suruali, na mkewe alishachoka kuushona mfuko huo. Kwa hiyo mtandao wa nyumbani ulipoanza kukatika kila Jumapili, mzee aliona ni dharau. Mtu amelisha familia kwa waya, leo waya umgeukie sebuleni kwake!

Jumapili ndiyo siku binti yao wa pekee alipokuwa akiwapigia simu ya video kutoka nchi anakofanya kazi. Husalimiana, huongea habari za mvua na majirani, hucheka. Kisha mama mtu husogeza uso kwenye kioo cha simu na kuuliza lile swali lake: "Mwanangu, utakuja lini?" Macho yake yalikuwa yakififia, daktari alishasema hayatarudi, naye alitaka kumwona mtoto wake ana kwa ana angali anaona. Hapo hapo picha huganda, mdomo wa binti wazi, na simu hukatika.

"Huu mtandao una kijicho," mama alilalamika. "Na ufundi wako wote, mzee!"

"Nipe wiki hii moja."

Akaanza. Dada wa huduma kwa wateja alimshauri azime ruta, kisha awashe. "Mwanangu," mzee akamjibu, "nimezima na kuwasha mpaka swichi imelegea." Akaihamisha ruta kutoka nyuma ya kabati la vyombo. Akapanda darini, akashuka na utando wa buibui kichwani. Akakata kipande cha waya kilichotafunwa na panya, akaunga upya. Kanuni yake ilikuwa ile ile ya kazini: pima upande huu, ukiwa safi, hitilafu iko upande wa pili. Mwisho akampigia fundi mwenzake wa zamani kwa video, wakabishana habari za mpira mpaka chai ikapoa, na picha haikutetereka hata kidogo.

Jumapili ikafika. Mzee alikaa kifua mbele kama bwana harusi. Salamu zikapita, mvua ikapita, mama akauliza swali lake. Binti akaganda.

Mzee aliinamia kioo, koleo mkononi, tayari kwenda kuilaumu nguzo ya barabarani. Ndipo akaona. Nyuma ya binti kulikuwa na dirisha, na pazia la dirisha lile lilikuwa linapepea. Lilijaa upepo, likalegea, likajaa tena, bila haraka. Binti ametulia tuli, mdomo wazi, vile vile alivyokuwa akifanya utotoni walipocheza mchezo wa sanamu, na baba akimwachia ashinde. Kisha akapepesa macho, mara moja tu. Simu ikakatika.

Mzee akalirudisha koleo mfukoni. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini hawasemi kinavyouma ukiwa umekilea mwenyewe. Wiki nzima ametambaa na panya darini, kumbe mtoto wake anamchezea sanamu! Angesema tu, "Baba, siji." Lingeuma, ila lingekuwa neno la mtu mzima kwa wazazi wake.

"Amekatika tena?" mama aliuliza, uso bado uko karibu na kioo kilichozimika. Macho yale hayakuwa yameliona pazia.

"Amekatika."

"Si ulisema umetengeneza?"

Katika maisha yake yote Mzee Koleo hakuwahi kukubali kwamba kazi yake ina kasoro.

"Nilikosea, mama. Kuna mahali pamelegea huku kwetu."

"Mganga hajigangi!" Mama akacheka, akampapasa mkono. "Basi katengeneze. Mtoto asije akadhani ni sisi tunaomkatia."

Mzee akainuka, akapiga magoti nyuma ya ruta. Akaushika waya usio na kosa lolote, akaukata.