Mtoto wa Miteja Aliyeitwa Sharon

Veronika Chilumba ni Mmwera wa Rondo, kule kwenye uwanda wa juu wa Lindi. Huko huko aliolewa na Petro Nampunju, kijana mpole, mwenye mwandiko mzuri na woga mkubwa wa kuchekwa. Woga huo ndio uliowafikisha walikofika.

Petro aliwahi kufanya kazi Dar es Salaam, kwenye kampuni ya kupokea wageni. Bosi wake hakutaka kujisumbua kulitamka jina la Nampunju, na wenzake wakamgeuza kichekesho cha ofisi: mtu wa Kusini, kana kwamba Kusini ni ugonjwa wa ngozi. Mwingine angewachukia waliomcheka. Petro akalichukia jina. Alirudi Lindi akiwa Peter Nelson. Huyo Nelson alikuwa nani, na aliingiaje katika ukoo wa akina Nampunju, hakuna aliyejua. Ukimbana mwenyewe alisema ni jina lenye uzito. Veronika alimjibu kwamba hata gunia la korosho lina uzito.

Basi ikawa zamu ya mke. Petro alitaka aitwe Vera. Veronika alipokataa, Petro aliona amepata pa kumshikia: hata Veronika, alisema, si jina la Kimwera, lilikuja na wamisionari, kama lilivyokuja Petro.

"Kweli lilikuja," Veronika alisema. "Lakini mama yangu alinipa kwa furaha, na amelala kaburini akiwa ananijua kwalo. Hilo lako unanipa kwa aibu. Kaa nalo."

Petro akakaa na jina lake la Nelson. Akakaa nalo hata akalifungulia shule ya chekechea mjini Lindi, shule ya Nelson, ukutani wamechorwa watoto wenye nywele za rangi ya ndevu za mahindi, ambao hawajawahi kuonekana mtaa ule wala wa pili yake. Veronika alifundisha darasa la wadogo. Alipenda watoto, na alijua kufundisha. Kilichomkera ni sharti la mumewe: kila mtoto aliyeandikishwa alipewa jina la shule. Mfaume akawa Morris. Majid akawa Max. Salome aliachiwa lake, ila alitakiwa kuitwa kwa sauti ya puani, kama mtu mwenye mafua.

Usidhani wazazi walilalamika. Walifurahi. Akina mama walisimama langoni wakiita Morris, Morris, wakiangalia pembeni kama jirani amesikia. Veronika aliwaona na kujisemea kwamba watu hawa wangeuziwa hata kivuli, mradi kimeitwa kwa Kiingereza.

Mwaka huo mfanyabiashara mmoja wa ufuta, Abdulwahab, mwenyeji wa kijiji cha Miteja aliyehamia mjini, alileta binti yake wa miaka mitano. Mtoto aliitwa Somoe. Jina lilikuwa la mama yake Abdulwahab, Bi Somoe, na mtoto aliitwa hivyo ili awe somo wake, mwenye kulibeba jina lake. Petro alisikiliza maelezo yote hayo kwa tabasamu, kisha akasema kuanzia leo ataitwa Sharon. Abdulwahab alikuna kichwa. Hakutaka kuonekana mshamba mbele ya mwalimu mkuu, akanyamaza. Baadaye Veronika alimwambia mumewe kwamba jina la somo halichezewi, kwamba mtoto yule amebeba mtu mzima aliye hai. Petro alisema bibi yuko huru kumwita apendavyo huko huko Miteja.

Ikafika Nanenane. Shule iliwapeleka watoto kwenye maonyesho ya wakulima, viwanja vya Ngongo. Watu walikuwa wengi, vumbi jingi, muziki kila banda. Watoto walioneshwa ng'ombe wa maziwa, wakapandishwa kwenye trekta, wakanunuliwa barafu. Walipokusanywa mchana ili warudi, Sharon hakuwepo.

Petro alikimbilia kwa watangazaji. Muda si muda vipaza sauti vilianza kulia uwanja mzima: anatafutwa mtoto Sharon, Sharon wa shule ya Nelson, amevaa gauni la bluu la madoadoa. Magauni kama hayo siku hiyo yalikuwa yamejaa uwanjani, nusu ya shule za chekechea hushonesha kitambaa hicho hicho. Veronika hakungoja. Aliwaacha watoto wengine na mwalimu mwenzake, Joyce, akaenda kwenye mazizi, kisha vyooni, kisha akatoka hadi barabara kuu, ambako malori hupita kwa kasi. Alitembea kandokando ya lami akiuliza kila mwuza maji na kila dereva wa bodaboda. Huko vipaza sauti havikusikika. Akilini alimwona Abdulwahab, na nyuma yake mama yake, na hakujua angewaambia nini.

Alirudi jua limeshainama. Petro alikuwa palepale kwenye kibanda cha matangazo, tai imelegea, anajifuta jasho.

Veronika alimuuliza kama amesikia lolote.

"Hakuna," Petro alisema. "Ameonekana mtoto mmoja tu, wamemtangaza tangu mchana mpaka nimechoka kumsikia. Lakini si wetu. Huyo anaitwa Somoe."

Veronika alimtazama. Alidhani kwanza ni mzaha, ingawa Petro hakuwa mtu wa mizaha.

"Sema tena."

"Somoe binti Abdulwahab. Yuko kwenye banda la akina mama wakulima wa kijiji cha Kikole. Wetu ni Sharon."

Alilisema kabisa, na jina la baba akalitaja, na bado halikumgusa popote. Mtu huyu alikuwa amesimama chini ya kipaza sauti mchana kutwa, anatangaziwa mtoto anayemtafuta, naye anatikisa kichwa. Veronika aligeuka akakimbia.

Mtoto alikuwa amelala juu ya kanga, nyuma ya mafungu ya mihogo, mkononi ameshika korosho za kukaanga. Mama wa Kikole aliyemwokota alimpokea Veronika kwa maneno makali. Alisema mtoto alikutwa analia karibu na visima vya maonyesho, alipoulizwa akataja jina lake, la baba yake na kijiji cha bibi yake, bila kukosea. Wao wakapeleka habari kwa mtangazaji. Alitaka kujua ni mwalimu gani anayeitiwa mtoto wake siku nzima asigeuke. Veronika aliomba radhi, akamwamsha mtoto taratibu, akamuuliza kama hakusikia akiitwa.

"Walikuwa wanamwita Sharon," mtoto alisema. "Sharon ni wa shuleni. Leo hatukuwa shuleni."

Wale akina mama walicheka hadi mmoja akakaa chini. Veronika hakucheka. Petro alikuwa amefika nyuma yake na amesikia, na Veronika aliona jinsi mumewe alivyotafuta pa kuweka macho.

Habari ilifika Miteja kabla ya wiki kwisha. Bi Somoe alikuja mwenyewe Lindi, mwanawe akimfuata nyuma kimyakimya kama mtu aliyekwisha kukaripiwa njiani. Veronika alimwamkia shikamoo, akajibiwa marahaba. Petro alimpa kiti na kuanza kumweleza mambo ya dunia ya sasa, soko la ajira, wageni wanaoshindwa kutamka. Bi Somoe alimwacha amalize.

"Mwanangu," alisema, "mimi jina langu nimempa mjukuu nikiwa hai, nipate kuliona likitembea. Wewe ulipolivua, ulilipeleka wapi?"

Bi Somoe akamgeukia mwanawe na kumwambia kwamba mwalimu huyu ni mgeni kwake, lakini yeye Abdulwahab alikuwepo, akayaona, akanyamaza. Abdulwahab aliinamisha kichwa. Mtoto alibaki shuleni, kwa sharti aitwe Somoe, na Petro alikubali kwa sauti ndogo.

Kesho yake asubuhi Veronika aliita darasa lake lote kwa majina ya nyumbani. Hakumwomba mtu ruhusa. Mfaume alipoitwa Mfaume alisimama upesi, akatabasamu kama aliyekutana na jamaa yake ugenini. Veronika alidhani jambo limekwisha.

Halikwisha. Waliokuja kulalamika walikuwa wazazi. Mama yake Mfaume alitangulia. Alisema hawezi kumtoa mtoto asubuhi akiwa Mfaume na kumpokea mchana akiwa Mfaume yule yule. Sasa shule ya Kiingereza ina faida gani? Wakafuata wengine, na Rafaeli mwenye duka la vifaa vya ujenzi akadai kabisa kwamba mwanawe arudishiwe Kelvin wake. Petro alipata nguvu upya. Alimwambia mkewe awasikie watu wanachotaka.

Veronika aliwasikia. Aliwatazama mmoja mmoja, watu wazima wenye akili zao, wanaogombea majina ya kuazima kama kuku kwenye pumba, akaona hana la kuwafundisha watoto ambalo wazazi hawa hawatalifuta jioni. Alifungasha nguo zake, akapanda Rondo, akaanza kufundisha chekechea ya kanisa, chumba kimoja chenye mabati yanayovuja.

Petro hakufunga shule wala hakubadili kitu. Lango bado limeandikwa Nelson. Jumamosi hupanda Rondo kumwona mkewe, na huko kuanzia stendi wazee humwita Nampunju, naye huitika, tena huitika vizuri, kwa Kimwera kisicho na dosari. Veronika humpikia, humsikiliza habari za mjini, humfulia shati. Mara moja Petro alianza kusema kwamba pengine alikosea kidogo. Veronika alimuuliza kidogo kiasi gani. Petro akainamia ugali wake, na hawakulizungumza tena. Jumapili alasiri alirudi mjini kuwa Nelson, na Veronika hakumsindikiza.