Jembe Nyuma ya Mlango

Asukile, karani wa boma la Mbeya, alikuwa mtu wa kushuku. Ukimsalimia mara mbili kwa siku moja, salamu ya pili angeibeba mpaka nyumbani akaipekue. Lakini tusimcheke upesi, maana mwaka ule wa 1957 alikuwa na la kuficha. Darini mwa nyumba aliyopanga upande wa Iyunga, ndani ya kopo la majani ya chai, kulikuwa na kadi ya TANU yenye jina lake.

Mtumishi wa serikali alikatazwa kadi ile. Asukile aliujua waraka wa katazo neno kwa neno, kwa kuwa nakala za kubandika ukutani alizipiga taipu yeye mwenyewe. Kadi ikionekana, kazi imekwisha, na kazi ikiisha, ni kurudi Rungwe mikono mitupu pamoja na mdogo wake Ikupa, ambaye mama yao alimwachia kwa maneno machache akiwa hoi kitandani: "Mtunze huyu. Umwoze mahali pema." Mshahara wa boma ndio uliokuwa ukimtunza.

Ikupa alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mwaka uliopita alikwenda Iringa kumuuguza shangazi yao hospitalini miezi mitatu, na tangu arudi alikuwa amekataa wachumba wawili, mmoja wao mwenye zizi la kutosha. Asukile hakumwuliza kwa nini. Wako wanaume wanaoona mpelelezi nyuma ya kila mti, wasimwone mtu anayekula nao meza moja.

Alhamisi moja ya mwezi wa saba, baridi ikiwa imekaza, alipita dukani kwa jirani yake Muharami, fundi cherehani, mtu ambaye babu zake walitoka pwani na ambaye ndiye aliyemwuzia kadi ile. Muharami akasimamisha cherehani.

"Bwana karani, kuna mtu anakuulizia. Kavaa koti la mvua, viatu vya maana. Kaniuliza kama nyinyi ni watu wa ugomvi, kama mnalewa, nani huja kulala kwenu, na marehemu baba yenu aliugua nini."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia mema matupu. Kwani mabaya yenu ninayajua?"

Asukile aliingiwa na ubaridi ambao si wa mwezi wa saba. Miezi miwili nyuma, mwalimu mmoja wa Chimala, Sedekia, aliyesoma naye, alifukuzwa kazi. Ilisemekana alitembelewa na rafiki wa zamani, wakala wali, wakacheka, Sedekia akaitoa kadi yake kwa majivuno. Wiki haikupita barua ikafika. Asukile akamtazama Muharami tena, akajiuliza mbona leo anaongea sana.

Jumamosi mchana mlango ukabishwa.

"Kamwene, Asukile! Hunijui?"

Alimjua. Ni Yotamu, Mbena wa Njombe. Vitanda vyao vilikuwa jirani miaka minne shuleni Iringa, na likizo moja Asukile aliimaliza kwao Yotamu kwa sababu hakuwa na nauli ya kurudi Rungwe. Hawakuonana tena miaka kumi na moja. Sasa Yotamu alikuwa na kitambi kidogo, koti la mvua, na viatu vya ngozi vinavyong'aa.

Wakaketi. Asukile akaanza yeye, maana aulizaye kwanza haulizwi.

"Siku hizi uko wapi, bwana?"

"Niko kwenye mifugo, palepale Iringa. Nachanja ng'ombe."

Asukile akaviangalia viatu. Mchanja ng'ombe gani huyu asiye na hata doa moja la samadi?

Yotamu alikuwa na habari za kila mtu. Alinanuswe, yule aliyekuwa akishinda mbio, amekuwa mchungaji, na sasa anatembea polepole kama mwenye mtungi kichwani. Ahmadi amefungua duka la vitambaa na kuoa mke wa pili, na wa kwanza ndiye anayeuza dukani. Walicheka kidogo, na kwa muda wa pumzi tatu hivi Asukile alijisahau, akafurahi kabisa. Kisha Yotamu akashusha sauti.

"Na Sedekia je? Umesikia yaliyompata?"

"Sedekia yupi?"

Yotamu akacheka, akidhani ni mzaha. Alipoona uso wa mwenzake, kicheko kikakatika. "Sedekia, bwana. Mliyekuwa mkigawana blanketi."

"Wenye jina hilo walikuwa wengi."

Yotamu akakohoa, akaendelea na maswali yake, moja moja, kwa adabu nyingi.

"Marehemu baba, Mungu amrehemu, aliugua nini?"

"Aliugua."

"Ugonjwa gani?"

"Wa kufa."

"Pole sana. Na hapa nyumbani, mna wageni wengi?"

"Hapa hakanyagi mtu."

"Na majirani?"

"Sijuani nao," alisema Asukile, huku cherehani ya Muharami ikisikika wazi dirishani.

Ikupa akaingia na chai. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, na leo ni Jumamosi. Kikombe kilitetemeka juu ya kisahani mpaka chai ikamwagika. Asukile aliyaona yote mawili, akayaweka moyoni pamoja na viatu.

"Ahsante, dada," akasema Yotamu, amesimama nusu. "Shangazi alipona vizuri?"

Ikupa akaitikia kwa kichwa, akatoka karibu mbio.

"Shangazi yetu umemjulia wapi wewe?" Asukile akauliza kwa ukali.

"Aa, Iringa ni ndogo, ndugu yangu."

Hapo Asukile akakata shauri. Mtu anayejua mpaka ugonjwa wa shangazi, huyo faili lenu amelisoma. Yotamu alipoinuka kuaga alimpa mikono yote miwili na kusema, "Kesho alfajiri napanda basi. Sina haraka. Nitangoja neno lako." Asukile alilisikia hilo kama kitisho.

Jioni, alipofunga mlango, aliona furushi limesimamishwa nyuma yake. Shuka jeupe, jipya, limefungwa kwa kamba ya katani. Alilibonyeza, akakuta chuma. Akalifungua. Ndani yake mlikuwa na jembe, jipya, bila mpini, limepakwa mafuta.

Mtu mwingine angecheka. Asukile alikaa chini sakafuni. Wiki mbili nyuma aliandika barua kuhusu majembe arobaini yaliyopotea katika stoo ya wajenzi wa barabara, na katika barua ile palikuwa na maneno "yatafutwe nyumba kwa nyumba". Sasa mambo yakajipanga kichwani mwake yenyewe. Kadi hawakuiona, basi wamempandikizia jembe. Askari wakija kutafuta jembe, watafika mpaka darini. Hakumwambia Ikupa. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na gauni la kanisani analo nani?

Usiku ule hakulala. Alfajiri alilifunga furushi kama alivyolikuta, akalichukua kwapani mpaka kituo cha basi. Ukungu ulikuwa mzito, abiria wamejifunika mablanketi. Yotamu alikuwa dirishani. Alipomwona Asukile uso ukamchanua. Alipoona furushi, ukafifia.

"Umesahau mzigo wako," alisema Asukile kwa sauti ya kusikika, maana alitaka mashahidi.

"Sikuusahau. Umeufungua?"

"Nimeufungua, nimeuona, nimeurudisha. Nyumbani kwangu kitu hiki hakina mahali. Na usije tena na maswali yako."

Mama mmoja aliyekaa nyuma ya Yotamu akashika mdomo. Yotamu alilipokea furushi kwa mikono miwili, akaliweka mapajani. Hakukasirika, na hilo nalo Asukile alilishuku.

"Basi," Yotamu akasema. "Nimesikia mbele ya watu. Wasalimie nyumbani."

Asukile akarudi akipiga mluzi. Nasema kweli, alipiga mluzi. Alimkuta Ikupa sebuleni amesimama katikati ya chumba, mlango umevutwa, macho yake pale ukutani palipokuwa na furushi.

"Kaka, lile jembe umelihifadhi wapi?"

"Ulijuaje kama ni jembe?"

Ikupa alikuwa akilia tayari, na katikati ya kilio ndipo mambo yalipotoka. Yotamu ana mdogo wake, Saulo, dresa, mfunga vidonda katika hospitali ya Iringa. Ndiye aliyemhudumia shangazi. Wameandikiana barua mwaka mzima. Kwao Wabena, mshenga haji kusema. Kwanza huuliza, huwauliza na majirani, kisha huacha jembe nyuma ya mlango. Likibaki ndani, wenye nyumba wamekubali kuzungumza. Likirudishwa, ndiyo hapana, na hakuna kubisha hodi tena.

"Mbona hukuniambia?"

"Msichana amtangulie mshenga? Ungenionaje?" Akajifuta kwa kiganja. "Na wewe, kaka, kitu gani uliwahi kuniambia mimi?"

Asukile aliomba ruhusa kesho yake, Jumatatu. Ruhusa ya boma ina mwendo wake. Aliipata baada ya wiki mbili. Kabla ya kuondoka alipanda darini, akashusha kopo.

Huko Iringa alimkuta Yotamu uani, mabuti yamejaa samadi mpaka magotini, sindano ya kuchanjia mkononi. Mkewe akaleta chai. Asukile alieleza yote bila kujipendelea: Sedekia, viatu, shangazi, barua ya majembe. Alipofika mwisho aliitoa kadi, akaiweka mezani mbele ya mtumishi mwenzake wa serikali, kitu ambacho aliapa hatamfanyia mtu yeyote aliye hai.

"Nilikuogopa," alisema. "Hicho ndicho nilichokuwa nakificha. Ukitaka kunipeleka, nipeleke. Lakini lirudishe jembe."

Yotamu aliisoma kadi, akaigeuza, akairudisha taratibu chini ya kisahani cha mgeni wake ili mkewe akipita asiione.

"Vile viatu niliazima," akasema. "Mtu haendi kuposa na samadi. Na Sedekia nilikutajia kwa sababu tulikuwa tunamchangia wanawe karo. Nilitaka uwemo."

Asukile aliinamisha kichwa.

"Wewe si mgeni kwetu, Asukile. Likizo ile ulilala chumba cha mbele, na jembe la kumposea dada yangu Lea lilikuwa nyuma ya mlango uleule. Ulijikwaa nalo, baba akacheka, akakueleza maana yake. Ndiyo maana sikusema kitu. Niliwaambia wazee, huyu anajua."

Yakamrudia yote: kidole cha mguu kilichouma, kicheko cha mzee, wao wawili wakila viazi vya kuchoma. Alikuwa anajua. Hofu ndiyo iliyomfutia.

"Basi lirudishe," alisema tena, sasa kwa sauti ndogo.

"Nililipokea mbele ya basi zima, na mama yule aliyekaa nyuma yangu ni mtu wa kwetu. Nilipofika, habari zilikuwa zimenitangulia. Wazee walisema jembe lililokataliwa halilali nyumbani, litatia mkosi." Yotamu alitazama pembeni. "Tumelipeleka kwa akina Paskalina, msichana wa kwetu, Jumanne ya juzi. Limebaki ndani."

"Na Saulo?"

"Saulo alisema kama Ikupa amekataa, lolote ni sawa."

Asukile alirudi Mbeya na basi la siku ya pili. Njia nzima alitunga maneno ya kumwambia mdogo wake, na kufika Chimala alikuwa ameyapanga vizuri, na kufika Iyunga alikuwa hana hata moja. Ikupa alikuwa amesimama mlangoni tangu aliposikia basi likipita. Hakumtazama kaka yake usoni. Alimtazama mikono kwanza.