Mama Alipoolewa Akiwa na Wajukuu

Mwezi uliopita nilirudi Mowlem, mtaa wa Nairobi nilikokulia, kutafuta watu wa kualika kwenye harusi ya mama yangu. Ndiyo, umesikia vizuri: mama yangu mzazi, mwanamke aliyevuka miaka sitini na mwenye wajukuu, watoto wa kaka yangu, wanaomchezea miwani. Nilidhani nitaingia ile ploti ya vyumba vya kupanga tulimolelewa, nibishe mlango hadi mlango, nitoke na majirani wa kujaza basi. Ploti haipo. Pamesimama gorofa refu lenye vidirisha kama vya stoo, na bawabu langoni akaniuliza namtafuta nani, nyumba namba gani. Nikamwambia namtafuta mama aliyekuwa akipika mandazi karibu na bomba la maji.

"Hapa hakuna bomba, madam," akasema. "Uko sure ni hii ploti?"

Nikaondoka nimefura. Lakini hasira yenyewe haikuwa ya ploti wala ya bawabu yule maskini. Ni ya zamani, na nimeibeba muda mrefu kiasi kwamba nimechoka kuibeba peke yangu. Kaa nikusimulie.

Ploti yetu ilikuwa ya vyumba vinavyotazamana, na katikati uwanja mwembamba uliojaa kamba za nguo. Asubuhi ilianza na kelele za mitungi mitupu ikiburutwa kwenda bombani, kisha harufu ya mafuta ya taa, kisha mandazi. Upepo ukigeuka, moshi wa jaa la Dandora uliingia hadi kwenye chai. Baba alifanya kazi kwenye karakana za reli. Kwao ni magharibi mwa nchi, na alitulea kwa ugali, omena na Kiswahili. Mama aliuza mitumba sokoni Gikomba, akirudi jioni na mgongo unaouma na nguo moja nzuri aliyoikwapua kwenye bero, lile furushi la mitumba, kabla wateja hawajaiona. Alikuwa Mkikuyu wa Murang'a. Hilo tulilijua, lakini lugha yake hakuileta nyumbani. Nyanya mzaa baba tulimjua hadi sauti ya kikohozi chake. Nyanya mzaa mama hatukumjua hata kwa picha, na sikuwahi kuuliza. Mtoto haulizi kitu asichokijua kuwa kimepungua.

Nikiwa darasa la saba, mwalimu wetu wa Kiswahili alituambia safari ya mwaka huo haitakuwa ya kwenda kuona simba waliozeeka wala vyungu vilivyofungiwa kwenye makumbusho. "Mila haikai kwenye kioo," alisema. "Mtaiona ikitembea kwa miguu yake." Mdogo wake alikuwa anaolewa huko kwao Murang'a, na mwalimu alimsihi mkuu wa shule hadi akakubali darasa zima liende. Tungekuwa upande wa bibi harusi. Tungesimama ndani ya lango na kuwazuia wageni kwa nyimbo hadi wabembeleze vya kutosha.

Basi tukawa tunabaki shuleni jioni kujifunza nyimbo hizo. Hebu fikiria watoto wa Mowlem, Waluhya, Waluo, Wakamba, Wasomali, wakiimba Kikikuyu chenye lafudhi ya Sheng. Rafiki yangu wa dawati moja, msichana wa Kiislamu ambaye wazazi wake waliingia nchini wakiwa wakimbizi, aliimba kwa sauti kuliko sote na hakujua maana ya neno hata moja. "Si ni kuimba tu?" aliniambia. "Mimi nataka tu kufungia mtu lango."

Nyumbani niliimba nikiosha vyombo. Siku moja mama alikuwa anakaanga vitunguu, akaniambia bila kugeuka, "Hilo neno la mwisho livute kidogo." Nikalivuta. Nikangoja aendelee kunifundisha, hadi vitunguu vikaungua sufuriani. Mama yangu hakuwa mtu wa kuunguza vitunguu. Siku chache kabla ya safari aliniletea gauni la maua kutoka Gikomba, akalipiga pasi ya makaa, akalikunjua, akalipiga tena. "Ukifika kwa watu uwe na adabu," alisema. "Ukipewa uji, pokea kwa mikono miwili."

Sikuwahi kuona mahali kama pale. Udongo ulikuwa mwekundu kama uliopakwa rangi, migomba imeshuka hadi mtoni, na wanawake wamejaa jikoni wakiponda viazi kwa mahindi kwenye sufuria ambazo mtoto angeweza kuogea. Wageni walipofika, lango lilifungwa. Tukaanza kuimba, nao wa nje wakajibu. Ukiwaambia wamepotea njia, wanasema njia walionyeshwa na ua waliloliona likichanua humu ndani. Ukiwaambia maua yamekwisha, wanasema wamesikia harufu. Mama wazima walikuwa wakirukaruka kama wasichana. Rafiki yangu alilishika komeo la lango kama ni la kwao. Na mimi, nikilivuta lile neno la mwisho, niliona wanawake wawili wakigeuka kunitazama, na mmoja akanipigia kigelegele. Sijui kama umewahi kujisikia umefika nyumbani mahali ambapo hujawahi kukanyaga.

Kisha ikaja sehemu ya kumficha bibi harusi. Yeye na wasichana kadhaa hufunikwa kwa leso kuanzia kichwani hadi miguuni na kupangwa mstari, kisha bwana harusi hutakiwa amtambue wake kati yao. Akikosea, anachekwa na kutozwa faini. Nyanya yake mwalimu, bibi mwembamba mwenye masikio yaliyotobolewa tundu kubwa, ndiye aliyechagua wa kufunikwa. Alinivuta mkono mimi kwanza kwa sababu nilikuwa mrefu sawasawa na bibi harusi. Akanitupia leso kichwani. Ilinukia sabuni na moshi. Akaniuliza jambo kwa Kikikuyu, nikashindwa kujibu, mwalimu akatafsiri: "Anauliza umejifunzia wapi kuimba hivyo."

"Kwa mama," nikasema kwa majivuno. "Mama yangu ni wa huku. Kwao ni Murang'a hii hii."

Bibi akafurahi, akataja ukoo huu na ule, kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Na babako? Wazee wake walikuja kwa kina mamako?"

"Kuja kufanya nini, nyanya?"

"Kuja. Kubisha hodi. Kuketi. Kukata mbuzi."

"Sijui," nikasema. "Huko kwa kina mama sisi hatujawahi kwenda."

Nilihisi leso ikiondoka kichwani kabla sijaelewa. Hakunifokea. Aliikunja polepole, akaniambia, "Basi wewe keti kidogo, mtoto wangu." Mwalimu akaingilia kati, akamsihi, uso umemwiva kwa aibu. Bibi akamjibu kwamba hana ubaya na mtoto, lakini msichana ambaye mama yake hajatolewa kwao kwa heshima hawezi kusimama kando ya bibi harusi siku yake. Kisha akatazama huku na huku, akamwona rafiki yangu wa dawati, akamfunika leso ileile.

Hapo ndipo panaponichoma hadi leo. Rafiki yangu hakuulizwa lolote. Hakuna aliyetaka kujua babake alimwoaje mamake, katika nchi gani, mbele ya nani. Yeye alikuwa mgeni, na mgeni hana deni na mila ya mtu. Mimi niliyesema mimi ni wa kwao ndiye niliyeambiwa nikae. Laiti ningenyamaza, ningefunikwa.

Nikaketi kwenye benchi nyuma ya jiko, na moshi ukanipa kisingizio cha kulia. Nilisikia kicheko kikilipuka uwanjani: bwana harusi alikuwa amemshika rafiki yangu mkono akidhani ni mkewe. Baadaye walikata bega la mbuzi, tukanyweshwa uji kwa kibuyu. Nilipokea kwa mikono miwili, kama nilivyoagizwa, kisha nikampitishia aliyekaa kando yangu. Rafiki yangu alirudi anameta kwa jasho na furaha. "We, ulienda wapi? Umekosa!" Njiani nililigeukia dirisha la basi hadi tulipofika Mowlem.

Mama alikuwa sakafuni akitenga nguo za watoto na za wakubwa. Sikumsalimu. Nilisema, "Mama, baba aliwahi kuja kwenu?"

Akalishika shati la mtoto mkononi. "Nani amekuuliza hivyo?"

Nikamweleza. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu: "Walikuwepo watu wengi?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kutenga nguo, ila sasa za watoto zilikuwa zinaangukia kwenye za wakubwa.

Baba aliporudi nilimsubiri anawe mikono, nikamwuliza yeye pia. Usimdhanie vibaya. Baba alikuwa mpole, hakuwahi kumnyanyulia mama sauti. Walikutana mjini, wakapendana, wakaanza kuishi pamoja, watoto tukaja, na kila mwaka ukawa una jambo lake. Alinipapasa kichwa. "Desemba," alisema. "Desemba tutaenda, mwanangu, nguo na nyimbo, kila kitu."

Desemba ilifika, na bati la nyumba ya nyanya magharibi likang'olewa na upepo. Desemba nyingine tulimzika baba mdogo. Nyingine kulikuwa na karo ya sekondari ya kaka. Nikawa msichana mwenye kero. Kila Desemba niliuliza, na kila Desemba baba aliona haya na kuahidi upya, na mama, mama mwenyewe, aliniambia jikoni, "Wacha kumsumbua babako." Nilimkasirikia kuliko baba. Nilitaka agombane. Nilitaka avunje hata kikombe.

Kisha nyanya yetu wa Murang'a akafariki. Mama alienda peke yake. Aliporudi nilimwuliza nyanya alifananaje. Akasema, "Umefanana naye paji la uso." Ndivyo nilivyokutana na nyanya yangu, usoni mwangu mwenyewe, akiwa ameshazikwa.

Nimewauliza wazee wengi tangu hapo kuhusu lile la leso, na karibu wote hucheka: hakuna mila kama hiyo, yule bibi alijitungia. Lakini mila moja ipo, na hiyo ndiyo iliyotufikia mwaka huu. Nilipompata mtu wa kunioa, wajomba zangu walituma neno fupi: hawawezi kula mahari ya mtoto kabla hawajala ya mama. Mimi nisingeolewa hadi mama aolewe. Kwa hiyo Desemba ya baba hatimaye ikaja, ikaangukia Agosti. Jambo lililokosa nafasi maisha yangu yote lilipangwa kwa wiki chache, kwenye kikundi cha simu.

Langoni kwa mjomba kulikuwa na wasichana wachache waliokuwa wakisoma maneno ya wimbo kwenye skrini, na mstari ulipowashinda, mshereheshaji kutoka mjini aliwasha spika. "Tuko nyuma ya ratiba, akina mama, tufungue tu," alisema. Likafunguliwa. Mama alifunikwa pamoja na dada yake na majirani wawili. Baba, kwa bakora yake na jicho lenye mtoto, alitembea moja kwa moja akamshika mkono mama mdogo. Watu walicheka hadi wakashikana mabega, na baba akacheka kuliko wote. Mara ya pili alimpata.

Baada ya mbuzi kukatwa nilimkuta mama ameketi peke yake upande wa migomba, penye kaburi la mama yake. Nikamwuliza kama amefurahi.

"Nimefurahi," akasema. Akang'oa gugu kaburini. "Lakini waliofungua lango leo ni watu ambao hawakuwahi kunikasirikia. Aliyekasirika, huyu aliyelala hapa, ndiye niliyetaka afungue."

Nikaketi kando yake. Mara sauti ya baba ikatoka hemani, changamfu, mdomo umejaa nyama. "Mama watoto! Kumbe watu wako ni wazuri hivi? Tungejua tungekuja mapema!"

Hema zima likacheka. Mama akainuka, akajikung'uta nyasi, akaenda kumwongezea supu.

Nimebaki na hasira isiyo na pa kwenda. Bibi wa leso alikufa zamani. Mwalimu alihamishwa, na hakuna anayejua alikohamia. Majirani wa Mowlem waliomwita mama "bibi ya mtu wa reli" kabla hajaitwa hivyo kwa halali wametawanyika, na hawatajua kamwe kwamba sasa ni kweli. Baba siwezi kumgombeza, amezeeka, na usiku ule alilala akitabasamu. Harusi yangu imepangwa Desemba. Wajomba wamesema njia iko wazi.