Askari wa Mwilini mwa Mama

Juzi redioni nilimsikia mtafiti akieleza jinsi saratani inavyojificha ili askari wa mwili wasiitambue, nikakumbuka alasiri moja kwetu katika mji wa Baraka, kando ya ziwa. Mabati yalilia kwa joto, na chumba kilinuka ndagala, wale dagaa wa ziwani, na kidonda cha titi la mama. Muuguzi alimwambia baba polepole, "Baaskari ba mu mwili yake bameshindwa."

Mimi niliwajua askari wa bunduki tu, wale tuliowakimbia kule kijijini Lweba. Nikamnong'oneza mama, "Ubafukuze, mama. Batakuua."

Akatabasamu kwa shida. "Hapana, mutoto wangu. Hao beko bananipigania."

Sikumsadiki. Tuliporudi kutoka kumzika makaburini, niliinama nikachungulia chini ya kitanda chake, nikitafuta buti zao.