Baba Aliweka Nyumba Wakfu, Nikafungwa Mimi

Admin, jina langu lifiche, maana Tabora ni mji mdogo wenye mdomo mkubwa. Mimi ni mwanamke wa miaka sabini na kitu, naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie. Nina binti mmoja tu, yuko Kaliua, na ninakaa kwenye nyumba ambayo si yangu wala si ya mtu yeyote. Jumamosi hii lazima niwe nimechagua kimoja.

Nianze mbali kidogo. Baba yangu alikuwa Mwarabu, mama Mnyamwezi. Miaka ile ya mwanzo wa Uhuru baba alinunua asali na nta vijijini akauza mjini, mama akashona kofia. Jirani yetu alikuwa Mhindi mwenye duka la vitambaa na ghorofa la kupangisha, na binti yake, Nirmala, alikuwa shoga yangu. Watu walituita wote matajiri. Utajiri gani jamani? Kwao akianguka mmoja, jamaa zake wanakaa kikao wanamwinua. Walikuwa na shule yao, na ukumbi wao wa harusi. Sisi Waarabu kila mtu na mlango wake. Nirmala alikuja kwetu kula ugali na mlenda, halafu anafuta mdomo vizuri mama yake asijue. Baba hakuwa na akiba wala ndugu wa kumkimbilia hapa nchini. Alikuwa na nyumba ya matofali mabichi, na aliipenda kuliko alivyotupenda sisi. Inaniuma, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ukaja Ujamaa, na majumba yakaanza kutaifishwa. Ghorofa la kina Nirmala likachukuliwa. Mama yake alitoka akilia barabarani bila viatu. Baba akaacha kula. Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, alisimama msikitini akasema mbele ya watu: "Nyumba yangu nimeiweka wakfu. Haiuzwi, hairithiwi, haigawanywi. Atakaa mtu wa damu yangu tu." Kwa asiyejua, wakfu ni mali uliyomkabidhi Mungu. Ukishatamka, basi. Alirudi nyumbani anacheka.

"Sasa waje," alisema. "Wataichukuaje mali ya Mungu?"

Hawakuja. Tukaamini wakfu ndiyo iliyowazuia.

Kina Nirmala waliondoka kwenda Uingereza wote, mpaka bibi yao kipofu. Hawakuwa na kitu cha kuwabakisha. Baadaye maduka ya watu binafsi yakafungwa, biashara ya baba ikafa, na jamaa zake wa Oman wakatuita. Tungeondoka wote kama wale Wahindi, lakini nyumba je? Baba akanigeukia mimi, binti mkubwa.

"Mwanangu, wewe kaa. Kila asubuhi fungua mlango wa mbele, tandika mkeka barazani. Mlango ukionekana umefungwa, watasema pameachwa."

"Mpaka lini, baba?"

"Mpaka turudi."

Wakaondoka wote, nikabaki mimi. Baba alizikwa huko huko Muscat. Mdogo wangu wa kiume alikuja mara moja tu, akapiga picha mlango, akaondoka. Wao wakawa Waomani, mimi nikabaki Mwarabu wa Tabora.

Niliolewa na mtu wa reli, akahamia kwangu. Alipopewa uhamisho wa Kaliua alinibembeleza twende. Nikamwambia habari ya mlango. Alinitazama sana, kisha akaenda peke yake. Binti yetu alipofika umri wa shule akamchukua, akalelewa na mke wake mwingine. Siku waliyoondoka nililia nikiwa nimeketi pale pale kwenye mkeka.

Sasa binti yangu anafanyiwa upasuaji. Alinipigia simu juzi.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Sikuombi kitu kingine. Nakuomba uje ukae na mimi, usirudi tena. Nimelelewa na mama wa watu kwa sababu ya mlango. Mara hii ukichagua mlango, sitakuita tena."

Nikampigia mdogo wangu. Akaniambia, "Dada, ukitoka umeivunja wakfu ya baba. Utamjibu nini mbele ya Mungu?" Nikamwambia basi njoo ukae wewe. Eti ana shughuli.

Katika kuhangaika huko, ndipo Nirmala akanipata kwenye simu ya video kutoka Uingereza, sura kwa sura, kichwa cheupe kama changu. Akashangaa kwamba bado niko pale pale. Nikamsimulia jinsi wakfu ilivyotuokoa.

"Shoga, kwani hukujua? Walichukua majumba ya kupangisha. Nyinyi mlikuwa mnakaa wenyewe, tena nyumba ya udongo. Nani angeitaka? Baba yangu alimwambia baba yako, yeye akadhani anamcheka."

Ndugu zangu, sijalala vizuri tangu hapo. Nina hasira na mtu aliyekufa. Wale tuliowaonea huruma kwa kunyang'anywa ndio waliotoka, na sisi tulioachiwa nyumba, nyumba yenyewe ndiyo iliyonishika mimi. Lakini hata kama hofu ya baba ilikuwa ya bure, neno lilitamkwa msikitini na watu wakasema amina. Shehe naogopa kumuuliza, kwa sababu akisema nibaki, najijua, nitabaki.

Treni ni Jumamosi. Begi nimeshalifunga. Leo asubuhi niliamka nikijiambia simfungulii mtu mlango, na nilipozinduka nilikuwa nje tayari, nanyoosha mkeka.

Nisemesheni, hata kwa ukali. Niende kwa mwanangu au nilinde neno la baba? Na mkisema niende, nielekezeni basi: ule mlango naufungaje, mimi ambaye maisha yangu yote nimejua kuufungua tu?